Daftari la Ntimaru

Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, akazunguka nchi nyingi, kisha aliporejea kwao Moroko akaisifu kuwa bora kuliko zote alizozipita. Mwenye kuandika habari za ugenini huja akaiona kwao upya.

Nasi yalitufika hayo Ntimaru, katika nchi ya Wakuria, mbali na pwani yetu. Usiku tuliandika katika daftari kwamba watu hawa wana jamaa zao Tarime, upande wa Tanzania. Mpaka umewapitia katikati, wala haukuwazuia kuozana na kuzikana.

Hapo kalamu ikasita. Sisi je? Kutoka Vanga hadi Tanga si mwendo mrefu, na ukoo wetu uko pande zote mbili. Shangazi yetu alipofariki Tanga, mkono wa pole tuliutoa kwa simu, tukausingizia mpaka. Wanawe hawawajui watoto wetu hata kwa sura.

Kuunga udugu ni amri ya dini yetu, nasi tumekumbushwa na watu wa mbali. Inshallah, skuli zikifungwa tutawapeleka watoto Tanga, wakamzuru shangazi kaburini na kuwaamkia jamaa zao.