Rundo la Mawe la Mispa na Mkataba wa Arusha

Kwetu, mtu akihamishwa kikazi au kijana akienda chuo, hakosi wa kumwombea kwa maneno ya Mispa, yale ya kumwachia Mungu ulinzi wakati watu hawaonani. Tunayapenda. Lakini jumuiya yetu iliposoma kitabu cha Mwanzo sura kwa sura na kufika ya 31, tuliona kwamba aliyeyasema hakuwa akimuaga mpendwa wake. Ni Labani akizungumza na Yakobo, mkwe wake, aliyemtoroka, naye Labani akamfuatia mwendo wa siku saba. Walikuwa wameishi pamoja miaka 20 kwa kupunjana na kudanganyana. Maana ya maneno yale ni hii: mimi sikuamini, na wewe huniamini, basi Mungu na atutazame sote wawili. Kisha wakakusanya mawe, wakafanya rundo, wakala chakula hapo, wakaapa kwamba hakuna atakayelivuka rundo lile kwenda kumdhuru mwenzake.

Sisi tunakaa wilaya ya Kasulu, si mbali na mpaka wa Burundi. Sura hiyo hatukuweza kuisoma kama habari ya zamani tu. Wazee wetu waliwaona Warundi wakivuka mwaka 1972. Wengine wetu tuliwapokea waliovuka mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba na vita kuanza. Tumesali nao, tumezika nao, tumegombana nao juu ya kuni na maji. Vita vile viliua watu zaidi ya laki mbili, wengi wao raia wasiokuwa na silaha. Kwa hiyo tulipomaliza kusoma habari za Labani, mmoja wetu akasema, "Huu si ndio mkataba wa Arusha?" Tukabaki na swali hilo kwa majuma kadhaa.

Mazungumzo ya Arusha yalianza Juni 1998, msuluhishi akiwa Mwalimu Julius Nyerere. Yeye alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 kazi haijaisha, na Nelson Mandela akaichukua. Mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Vyama vilikuwa 17, pamoja na serikali na bunge. Waasi wakuu wenye bunduki hawakuwa miongoni mwa waliotia sahihi, na hiyo ndiyo sababu watu waliendelea kufa baada ya sherehe. Hata swali la nani ataongoza kipindi cha mpito lilikuwa halijajibiwa siku ile. Baadhi ya vyama vilitia sahihi huku vikiambatisha pingamizi zao.

Zamani tungeliita jambo hilo unafiki. Mtu anatia sahihi kitu asichokikubali chote? Lakini tazameni Mispa. Labani aliliita rundo lile kwa lugha yake, Yegar-sahadutha, na Yakobo akaliita kwa lugha yake, Galedi. Rundo ni moja, majina mawili. Hata kiapo, kila mmoja aliapa kwa namna yake. Yakobo aliapa kwa Hofu ya Isaka baba yake. Maandiko hayasemi kwamba walipatana juu ya nani alimwibia nani. Walipatana juu ya mahali pa kutovuka.

Pale Arusha, sehemu ya kwanza kabisa ya mkataba inahusu asili ya mgogoro. Wahutu walikuwa na kumbukumbu yao ya 1972, Watutsi walikuwa na kumbukumbu yao ya 1993, na kila upande ulitaka yake iandikwe ndiyo historia. Waliandika kwamba mgogoro kwa msingi wake ni wa kisiasa, wenye sura ya kikabila iliyo nzito sana, na kwamba umetokana na watu kugombea madaraka. Sentensi hiyo haikumtosheleza mtu yeyote kikamilifu. Mambo mengine waliiachia tume ya ukweli na maridhiano, ambayo sheria yake ilikuja kupitishwa mwaka 2014. Kwa maoni yetu walifanya vyema kutosubiri. Kama wangesubiri kukubaliana juu ya yaliyopita ndipo waache kuuana, wangeuana mpaka leo.

Jambo lililotugawa sisi wenyewe katika jumuiya ni hesabu za kabila. Katiba iliyopigiwa kura ya maoni Februari 2005, kwa kufuata roho ya Arusha, iliweka serikalini na bungeni Wahutu wasiozidi asilimia 60 na Watutsi wasiozidi 40, na Watwa wakapewa viti vyao. Seneti nusu kwa nusu. Na jeshini kabila moja lisizidi nusu. Wanawake wasipungue asilimia 30. Mama mmoja wetu, mwalimu mstaafu, alikataa katakata. Alisema sisi Watanzania tulifundishwa kutoulizana kabila, na Mtume Paulo ameshasema katika Kristo hakuna Myahudi wala Myunani. Kumhesabu mtu kwa kabila lake ili apewe kiti ni kuitia dhambi muhuri.

Hoja yake ilikuwa nzito na hatukuipuuza. Aliyemjibu ni kijana wa kwaya, kwa Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwahubiria kwamba wote ni wamoja, ingawa walikuwa wamoja. Walisema wachaguliwe watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao. Waliokuwa wakilalamika ndio waliokabidhiwa meza. Mama alicheka akasema kijana huyo aende seminari. Hakusema amekubali.

Neno seminari lilitufanya tuikumbuke Buta, kule kusini mwa Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia katika seminari ndogo ya pale, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Waliuawa 40. Hatujui tuseme nini mbele ya vijana wale isipokuwa kumshukuru Mungu aliyewapa moyo ule. Lakini hapo ndipo tulipoelewa kazi ya mkataba. Nchi haiwezi kuandika katiba inayomtaka kila askari na kila waziri awe kama vijana wa Buta. Watakatifu hawahitaji jeshi la nusu kwa nusu. Anayelihitaji ni mtu wa kawaida anayeogopa usiku, mama Mtutsi anayejua Wahutu ni wengi kuliko yeye, baba Mhutu anayekumbuka sare za waliokuja kumchukua baba yake. Mkataba ulimwambia kila mmoja: hatukutaki umpende huyu kwanza. Tunakuonyesha kwanza kwamba hataweza kukuua.

Hata uongozi wa mpito ulipangwa hivyo. Kuanzia Novemba 2001 Pierre Buyoya, Mtutsi, aliongoza miezi 18, makamu wake akiwa Domitien Ndayizeye, Mhutu. Tarehe 30 Aprili 2003 Ndayizeye akapokea. Wengi hapa kwetu walidhani siku ile haitafika, kwamba mwenye jeshi hatoki. Alitoka. Askari wa Afrika Kusini walikuwa wamekwisha kuletwa Bujumbura kuwalinda wanasiasa waliorudi kutoka uhamishoni, kwa sababu kuapa peke yake hakukutosha. Novemba 2003 kundi kubwa la waasi, CNDD-FDD, likatia sahihi jijini Dar es Salaam.

Katika jumuiya yetu alikuwamo mzee aliyevuka akiwa kijana mwaka 1972. Mwaka 2008 aliamua kurudi kwao Rumonge. Tulimfanyia sala ya kumsindikiza, na naam, kwa maneno ya Mispa. Alipofika alikuta shamba la baba yake lina mjane mwenye watoto, mumewe aliuawa vitani. Serikali ya zamani ndiyo iliyowapa eneo lile. Alitusimulia kwa simu kwamba yule mama alimwuliza jambo moja tu: "Sisi tutalala wapi?" Naye akajikuta anamwuliza hilohilo.

Waligawana michikichi. Walipanda minyaa kuwa mpaka. Mzee hakutuficha: hawakupendana. Yeye aliendelea kuliita shamba la baba yake, na mama akaendelea kusema alipewa kihalali. Lakini siku ya kupanda mpaka walikula pamoja, kwa sababu ndiyo desturi, na kila mmoja alimwangalia mwenzake anavyokula.

Ilipofika 2015, Burundi ikatikisika tena kwa sababu ya muhula wa tatu wa rais. Kijiji cha Kagunga kikajaa maelfu ya watu, kipindupindu kikaingia, meli ya Liemba ikawabeba kuwaleta Kigoma, kisha wakaletwa Nyarugusu, hapa kwetu. Baadhi yetu tulivunjika moyo tukasema Arusha imekufa. Wengine walitazama kwamba safari hii, katika jeshi na mitaani, Wahutu na Watutsi walikuwa pande zote mbili, na kwamba wito wa kuuana kwa kabila haukuwashika watu kama zamani. Tunaliandika hili kwa tahadhari, maana waliokufa walikufa.

Tulikwenda kambini kwa wiki kadhaa na blanketi na sabuni, tukiwauliza waliotoka Rumonge habari za mzee wetu. Hakuna aliyemjua. Mwezi wa saba simu yake ikapatikana. Yuko kwake. Michikichi imezaa, na minyaa haijasogezwa.