Kompyuta Inapodhani Kodiani ni Feni

Leo ni habari ya sauti. Riziki yangu ni kuandika programu za kompyuta, muziki si kazi yangu. Lakini huku Theta ukishajulikana kuwa "mtu wa kompyuta" unaletewa kila kitu chenye waya, na hata visivyo na waya. Safari hii nililetewa kodiani.

Mwenyewe ni mzee jirani ambaye sote tunamwita Guka. Anapiga mwomboko, ile ngoma ya Wakikuyu iliyoshika kasi miaka ya 1940: kodiani inaimba, na pembeni mtu anagonga karing'aring'a, pete ya chuma inayopigwa kwa kijiti cha chuma. Wajukuu wake walitaka nyimbo zirekodiwe kwenye laptopu, palepale nyumbani, angali anaweza. Na hapo ndipo penye uzito. Kuvuta na kubana kodiani ni kazi ya mabega, na mabega ya Guka yana nyimbo tatu kwa siku, basi. Ya nne anaiacha katikati. Kwa hivyo rekodi ikiharibika si faili tu la kufuta, ni theluthi ya siku yake imeenda.

Rekodi ya kwanza ilitoka hivi: kodiani inaanza vizuri, inashikilia noti sekunde mbili tatu, halafu inazama kama imefunikwa gunia. Karing'aring'a ikilia, kila kitu kinanywea, kisha kinarudi polepole. Lakini Guka akiongea kati ya wimbo na wimbo, sauti yake ni safi kabisa! Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kijana, hii mashine yako inapenda maneno kuliko nyimbo?"

Ndivyo ilivyo hasa. Laptopu nyingi za leo zinatoka kiwandani zikiamini kwamba mtu akifungua kipaza sauti anataka kupiga simu. Kabla sauti haijafika kwenye programu ya kurekodi (mimi natumia Audacity, programu huria iliyotolewa mwaka 2000 na bado ni ya bure), inapitia vichujio. Kimoja kazi yake ni kuondoa kelele. Kinajuaje kelele ni ipi? Sauti ya mtu anayeongea hupanda, hushuka, hukatika kwa silabi. Mvumo wa feni au friji hukaa palepale. Basi chochote kinachokaa palepale kinapunguzwa. Sasa niambie, noti ndefu ya besi ya kodiani ina tofauti gani na feni mbele ya kichujio kama hicho? Cha pili kinasawazisha ukubwa wa sauti: ukinong'ona kinapandisha, ukipaza kinashusha. Kwa mkutano wa mtandaoni ni sawa. Kwa karing'aring'a ni balaa, maana kila pigo linaishusha kodiani pamoja nalo.

Kwenye Windows, fungua mipangilio ya sauti, chagua kipaza sauti unachotumia, kisha uzime viboreshaji vya sauti. (Eti viboreshaji!) Kompyuta nyingine zina pia programu ya mtengenezaji yenye vichujio vyake pembeni. Hiyo nayo itafute uizime, la sivyo utadhani umemaliza kumbe bado.

Utajuaje kwamba vimezimika? Si kwa kumwambia Guka apige tena. Sisi waandishi wa programu hatufanyii majaribio kwenye mali ya mteja, na mali yenyewe hapa ni mabega. Nilichukua simu, nikaweka mlio mmoja usiobadilika, nikaishika mbele ya kipaza sauti sekunde 20. Mchoro kwenye Audacity ukibaki na unene uleule mwanzo hadi mwisho, kichujio cha kelele kimelala. Ukikonda kama mkia wa panya, kuna kimoja bado kimejificha. Halafu nikagonga chupa kwa kijiko huku mlio ukiendelea: ukinywea baada ya pigo, kisawazishaji bado kiko kazini. Dakika tano, na Guka anakunywa chai yake.

Likabaki suala la mawimbi kukatwa vichwa. Mapigo ya karing'aring'a yalionekana bapa juu, kama nyasi iliyofyekwa, lakini hayakugusa dari ya mchoro. Dalili hii ishike vizuri, inaokoa muda mwingi. Yakiwa bapa na yamegusa dari, jaribu kupunguza sauti kwenye programu. Yakiwa bapa chini ya dari, yamekatwa huko nyuma kabla ya kufika, na ukipunguza kwenye programu unapata uharibifu uleule kwa sauti ndogo. Kwetu ilikuwa ile nyongeza ya kipaza sauti, desibeli 30, inayomfaa mtu anayeongea taratibu. Tuliishusha hadi 0. Kodiani tukaiweka mita moja hivi kutoka kwenye kipaza sauti, na mjukuu mwenye karing'aring'a hatua tatu nyuma yake. Pigo kubwa kabisa tunataka liishie desibeli 6 chini ya dari.

Kulikuwa na mvumo kidogo pia. Stima yetu ina mizunguko 50 kwa sekunde na hupenda kupenya kwenye waya za sauti. Tulichomoa chaja, tukatumia betri, ukakoma.

Mjukuu mwingine alileta vipokea sauti vyake vya bluetooth. Nilikataa. Vingi, kipaza sauti chake kikiwashwa, hushuka hadi sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, na CD ni 44,100. Utarudi kulekule kwenye sauti ya simu.

Sasa tuna nyimbo saba safi. Zilizobaki tunapigana na mvua: nyumba ya Guka ni ya mabati, na mvua juu ya mabati sijui programu ya kuiondoa bila kuondoka na kodiani. Kwa hivyo tunarekodi asubuhi, kabla ya saa nne. Jumamosi ijayo anakuja mpiga karing'aring'a wake wa zamani kutoka Murang'a. Guka ametuonya kwamba huyo hugonga kwa nguvu kuliko mjukuu, basi chupa na kijiko nimeviweka karibu.