Njia Ifuatayo Kivuli: Safari ya Lodwar, Kakuma na Lokitaung



Binti yetu, anayesomea upangaji wa miji, alipewa na mwalimu wake kazi ya kuchora njia ya baiskeli kwa ajili ya mji wa Lodwar. Njia itakayodumu na isiyogombana na maumbile. Aliichora Mombasa, mbele ya feni, kwa rula. Ilipendeza: mstari mmoja ulionyooka kutoka mitaa ya kando hadi shuleni, sokoni na hospitalini. Sisi mama zake na shangazi zake tukamwambia kwamba mji haujulikani kwa rula. Likizo ilipowadia, tukafunga mizigo.

Lodwar ilitupokea kwa joto kavu, lisilo na upepo wa bahari wa kulituliza. Mvua ya mwaka mzima huko ni kiasi cha milimita 200, haifiki robo ya ile tuipatayo Mombasa. Baada ya swala ya alfajiri tulikodi baiskeli na kuufuata mchoro. Saa nne haijagonga, mdogo wetu alikuwa ameketi chini ya mgunga, akitweta. Binti akaandika kosa la kwanza: mstari wake haukuwa na kivuli hata kimoja.

Kosa la pili lilikuwa miiba. Mathenge, mti wa kigeni uliopandwa ili kuzuia kuenea kwa jangwa, umesonga kingo za mito na njia, na mwiba wake hupenya mpira kama sindano ipenyavyo kitambaa. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeziba pancha mbili.

Kosa la tatu lingeweza kuua. Mstari ulivuka laga ya Kawalase pale ilipo nyembamba, ili daraja lisigharimu sana. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi aliutazama mchoro kwa muda, kisha akasema: "Mama, mtoto amechora vizuri, lakini hakuuuliza mto." Akatueleza kwamba mvua hunyesha mbali, mbingu ya Lodwar ikiwa safi, na maji hushuka ghafla yakabeba mifugo na watu. Pale palipo pembamba ndipo yanapokimbia kwa nguvu zaidi. Watoto wa shule ndio wasiosubiri.

"Sasa tuvuke wapi, mzee?" binti akauliza.

"Wafuate mbuzi. Wao huvuka pale ukingo ulipo mpole na maji yanapotandaa."

Basi daraja likafutwa. Mahali pake pakachorwa kivuko cha zege kilicholala sawa na mchanga, katika sehemu pana ya laga, chenye nguzo za rangi za kuonyesha kina cha maji, na kila upande kibanda chenye kivuli, ili mtoto apate pa kungojea.

Ukingoni mwa mto Turkwel tuliwakuta akina mama wakisuka vikapu. Tuliwaamkia "Ejoka", wakatuitikia kwa kicheko. Tulipotazama mikononi mwao tuliwakumbuka nyanya zetu, kwa maana walisuka kwa majani ya mkoma, mti ule ule utupao miaa ya mikeka huku pwani. Wakatufunza neno moja: ekwar. Ni sehemu ya miti ya ukingoni ambayo familia ina haki nayo na huirithisha. Matunda ya migunga yake ndiyo akiba ya mbuzi wakati wa kiangazi. Binti alikuwa ameipitisha njia katikati ya miti hiyo, akidhani ni msitu usio na mwenyewe. Kumbe alikuwa akiingia ghala ya watu bila hodi.

Tukasafiri hadi Kakuma, kilomita zipatazo 120, ilipo kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, na jirani yake Kalobeyei, makazi yaliyoanzishwa mwaka 2016 ili wakimbizi na wenyeji waishi pamoja. Huko akina mama wa Kisomali walimuuliza binti jambo ambalo darasani halikuulizwa: mwanamke mwenye jilbabu, amefunga mtungi wa maji nyuma ya baiskeli, atapitaje kwa stara bila kusukumwa na pikipiki? Njia ikapanuliwa, ikawekewa mawe ya kuzuia pikipiki, na pembeni ya karatasi ikaandikwa: mnyororo ufunikwe.

Tuliporudi tuliiacha lami kwenye njia panda iitwayo kwa jina la Lokitaung, tukaelekea kaskazini. Lokitaung ni mji mdogo katikati ya vilima vya mawe. Huko ndiko serikali ya kikoloni ilikomfunga Jomo Kenyatta na wenzake tangu mwaka 1953, hata mwaka 1959 alipohamishiwa Lodwar. Umbali na ukiwa vilitosha kuwa ukuta wa gereza.

Katika eneo hilo, miaka ya 1980, wenyeji walijenga matuta ya udongo ya kuvuna maji. Tuta huzunguka shamba pande tatu, na upande wa juu huachwa wazi. Mvua chache ikinyesha, maji yatiririkayo mtelemkoni hunaswa humo, na mtama hupata unyevu. Binti alipoelezwa, alichuchumaa akachora mchangani: njia ya changarawe iliyoshindiliwa, na upande wake wa juu vituta vidogo. Maji yanaswe, migunga ikue, migunga iifunike njia kwa kivuli, na mkondo usipate nafasi ya kuila njia.

Mchoro mpya una mikunjo mingi, na ni mrefu kuliko wa kwanza karibu kwa nusu. Huenda mwalimu akauliza kwa nini umepinda. Kila pindo lina jibu lake: hapa pana kivuli, hapa pana ekwar ya watu, hapa mtoto atavuka salama.

Tumefunzwa kwamba kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Safari hii ilituonyesha kwamba udhia mwingine huanzia kwenye karatasi, kabla jembe halijagusa ardhi, na kwamba huondolewa kwa kuuliza. Bado ni mchoro tu. Watoto wa Lodwar wangali wakivuka mchanga kwa miguu. Nasi huku pwani, kabla hatujaukata mwarobaini ili kupanua barabara, tumuulize kwanza mama apitaye hapo kila siku kwa miguu.