Ushahidi wa Uongo katika Kazi ya Elimu

Tunapowafundisha wakatekumeni amri ya nane, mifano yetu huwa ile ile: jirani aliyesingiziwa, shahidi wa barazani aliyepewa rushwa. Ni mifano mizuri. Mimi huongeza mmoja ambao wengi hushangaa kuusikia katika mafundisho ya dini, nao wahusu dawa.

Mwaka 1987, nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire, daktari Lurhuma Zirimwabagabo pamoja na mwenzake wa Misri, Ahmed Shafik, walitangaza kwamba wamepata dawa ya ukimwi. Wakaiita MM1, yaani Mobutu na Mubarak, marais wa nchi zile mbili. Hebu fikirini taabu ya daktari mdogo aliyetaka kuuliza: Imejaribiwa kwa watu wangapi? Waliopona wako wapi? Dawa ikishabatizwa jina la rais, nani atathubutu kuipima? Ushahidi ambao waganga wengine wangeweza kuuchungua haukutolewa, wala dawa ile haikuthibitika kamwe. Mwaka 1990 yakatokea mambo ya namna hiyo huko Kenya kwa dawa iliyoitwa Kemron. Rais Moi mwenyewe aliitangaza, na majaribio yaliyofuata hayakuona faida yake.

Sisemi kwamba waganga hao walikusudia kudanganya. Huenda waliona wagonjwa wachache wakipata nafuu, na furaha ikawatangulia. Lakini mgonjwa anayekaribia kufa hana siku za kupoteza kwa ajili ya furaha ya mtu mwingine.

Sasa tumtazame Mkongo mwingine, Profesa Jean-Jacques Muyembe. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, katika hospitali ya misioni ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana, na masista pamoja nao. Alitoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu. Damu ya sista mmoja aliyerudi naye Kinshasa ilipelekwa Antwerp ndani ya chupa ya chai, na huko Ulaya kirusi kikaonekana, ndicho Ebola. Kwa miaka mingi vitabu viliwataja Wazungu wa maabara, jina la aliyekwenda Yambuku likasahauliwa. Hilo nalo ni deni mbele ya amri ya nane, maana kunyamazia kazi ya mwenzako ni nusu ya kusema uongo.

Ila jambo linalonigusa zaidi ni lile la Kikwit, mwaka 1995. Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa 8 wa Ebola damu ya watu waliopona. Wakapona 7. Mngefanya nini ninyi? Redio ilikuwapo, na rais alikuwa Mobutu yule yule. Waganga wa nje wakasema: hamkuwa na wagonjwa wengine wa kulinganisha nao, labda hao wangepona tu. Maneno hayo yaliuma, lakini yalikuwa ya haki. Hapakupigwa ngoma. Damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ikachunguzwa pamoja na wataalamu wa Marekani, ikatoka dawa iitwayo mAb114. Dawa hiyo ikapimwa huko Kivu ya Kaskazini kuanzia Novemba 2018, pamoja na nyingine 3, kwa wagonjwa 681. Kila mgonjwa alipewa dawa kwa kura.

Kura juu ya mgonjwa! Mama mmoja wa jumuiya yetu aliposikia habari hiyo alisema ni ukatili. Nilimjibu, “Mama, ukatili ungekuwa kujua dawa iliyo bora na kuificha. Hawa walikuwa hawajajua, nao walikiri hivyo.” Mwezi wa Agosti 2019, hesabu zilipoonyesha kwamba dawa 2 zawazidi wenzake, majaribio yakasimamishwa, na wagonjwa waliofuata wakapewa hizo 2 tu. Katika waliopewa mAb114 walikufa 35 hivi katika kila 100. Kwa ZMapp, 50 hivi.

Hapa Katanga nasi twapimwa. Mwaka 2009 Profesa Banza Lubaba Nkulu wa Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji walitoa habari za mkojo wa watu 351: wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini. Hesabu kama hizo zina maadui pande zote. Mwenye kiwanda angetaka zipungue, naye anayetumaini malipo angetaka ziongezeke.

Nilikumbuka hayo siku alipokuja kwangu kijana mmoja na karatasi za maswali juu ya afya ya watoto. Alilipwa kwa idadi ya karatasi, nauli hakupewa, na zilikuwa zimebaki 14. Aliniomba daftari la ubatizo, apate majina ya watoto na ya wazazi. Majibu angeyajaza mwenyewe chini ya mwembe. Nilimhurumia, maana viatu vyake vilikuwa vimekwisha. Daftari sikumpa. Tulizunguka pamoja nyumba kwa nyumba mpaka jua likachwa, tukawapata akina mama 3. Karatasi 11 alizirudisha tupu.