Jina Lisiloandikwa Juu ya Dinari

Enzi huanza kuwa jina kabla ya kuwa upanga. Katika dola za Kiislamu za zama za kati mtawala alitambuliwa kwa alama mbili: kutajwa katika hutuba ya Ijumaa, na jina lake kupigwa juu ya sarafu. Aliyekosa mawili hayo, hata awe na majeshi, usultani wake ulikuwa na shaka. Hayo aliyajua vyema Shajar al-Durr wa Misri, ambaye jina lake maana yake ni Mti wa Lulu.

Alianza kuwa mjakazi, akawa mke wa Sultani al-Salih Ayyub. Novemba 1249, askari wa msalaba wa Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa wakiwa wamekwisha kuiteka Dimyati, Sultani alifariki kambini Mansura. Bibi huyo akakificha kifo. Chakula kikaendelea kupelekwa hemani, na amri zikatoka na saini ya mtu asiyepumua tena. Misri ikatawaliwa kwa jina la maiti, na jeshi likasimama imara.

Februari 1250 akawasili mrithi, Turanshah, mwana wa marehemu kwa mke mwingine. Aprili Louis akatekwa. Lakini kijana hakuwashukuru waliomlindia kiti. Aliwapa vyeo wasiri aliokuja nao, akawatisha Mamluki, watumwa-askari wa babake, na akamdai mjane mali na vito vya marehemu. Tarehe 2 Mei Mamluki wakamuua huko Fariskur, kando ya Mto Nile, kisha wakamtawaza mjane.

Hapo ndipo dinari inaposema. Sarafu yake humwita mtumishi wa Khalifa al-Musta'sim, wa al-Salih, Malkia wa Waislamu, mzazi wa al-Mansur Khalil. Khalil alikuwa mwanawe aliyekufa angali mchanga. Watu wa pwani wanaijua heshima ya kumwita mama kwa jina la mwanawe. Hapa, hata hivyo, heshima ilikuwa pia ngao. Juu ya dhahabu moja yamekusanyika khalifa aliye mbali, mume aliyezikwa na mtoto asiyekuwapo. Shajar al-Durr hayumo.

Ngao hiyo haikutosha. Dameski iliasi, na kutoka Baghdad, yasimuliwa, khalifa aliwauliza Wamisri kwa kejeli kama wamekosa mwanamume, awapelekee mmoja. Baada ya siku zipatazo 80 malkia aliolewa na Aybak, mmoja wa maamiri, akamwachia kiti. Alimpa cheo, hazina na siri za dola hakumpa. Kwa miaka saba Misri ikawa na sultani mmoja hutubani na mwingine nyuma ya pazia.

Aybak naye akachoka kuwa jina tupu. Alipoazimia kumwoa binti wa Badr al-Din Lu'lu', mtawala wa Mosul, mke alitambua kwamba anayeletwa nyumbani ni zaidi ya mke mwenza. Ni nasaba mpya, ambayo ingemfuta. Aprili 1257 Aybak aliuawa hamamuni. Safari hii kifo hakikufichika. Inasimuliwa kwamba wajakazi wa mke wa kwanza wa Aybak walimpiga Shajar al-Durr kwa mitalawanda hata akafa, na maiti yake ikatupwa nje ya ngome. Mwana wa mke huyo, Ali, akaketishwa kitini. Mwaka uliofuata khalifa aliyekejeli aliuawa na Wamongoli, na Baghdad ikaanguka.

Ni wepesi kumwita mwuaji, na damu ya Aybak haiwezi kuoshwa kwa maneno. Lakini waliomuua Turanshah walikuwa wanaume, nao waliandikwa mashujaa. Dola yao ikadumu mpaka 1517. Dhambi yao ilikuwa moja na yake. Kilichotofautiana ni kwamba wao waliweza kutawala kwa majina yao wenyewe.

Kaburi alilojijengea lingalipo Kairo. Ndani ya mihrabu yake, juu ya ardhi ya dhahabu, mafundi walitia nakshi ya mti wenye matawi, na matunda yake ni vipande vya lulumizi. Hapakuhitajika herufi. Jina ambalo dinari haikulibeba, ukuta umelihifadhi, na kila aelekeaye kibla mahali hapo hulisoma kabla ya kuinama.