NESI WA MJINI, SEHEMU YA 7: Mgombea wako akijitoa

Leo tuweke presha na sukari pembeni kidogo.

Kuna huzuni moja haina tanga. Hupewi pole, hupikiwi uji, hakuna anayekuja kukaa na wewe mkekani. Ni ile ya kumshika mgombea moyoni miaka na miaka, halafu anatoka kwenye kinyang'anyiro kabla hujaiona karatasi ya kura.

Sisi wa mageuzi hapa Dar tunaijua tangu 2015. Dk. Willibrod Slaa alikuwa mbunge wa Karatu kwa miaka 15. Mwaka 2010 akagombea urais kwa Chadema, akapata kura zaidi ya milioni 2.2. Yangu imo humo. Mimi nilianza kumfuatilia Septemba 2007, aliposimama Mwembeyanga, Temeke, akasoma hadharani majina ya wakubwa aliowatuhumu kwa ufisadi. Jina la Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati ule, lilikuwemo. Lowassa mwenyewe alikana tuhuma zile miaka yote.

Sasa njoo Julai 2015. CCM wanamkata Lowassa Dodoma. Tarehe 28 anahamia Chadema. Agosti 4 anapitishwa kugombea urais, UKAWA nyuma yake.

Na siku hizo hizo ndiyo Dar tulikuwa tunajiandikisha kwa BVR! Nilitoka zamu ya usiku nikaunga foleni moja kwa moja, miguu imevimba. Kidole kikachukuliwa, picha ikapigwa, kadi nikapewa ya moto moto. Yaani nina kadi mpya, sina mgombea.

Agosti ikapita, daktari kimya. Septemba 1 akaitisha waandishi wa habari, akatangaza kuachana na siasa za vyama.

Kesho yake nilipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kijana ninayenunua kwake soksi za kazini alikuwa anakunja fulana za zamani, anatundika za "Ulipo Tupo". Nikamuuliza, mdogo wangu, na wewe umehama? Akacheka: "Sista, mimi nauza kinachoulizwa." Nikanunua soksi zangu nikaondoka. Ningemwambia nini?

Wengi walisema, kwa nini asigombee mwenyewe tu? Jamani, Katiba yetu haimruhusu mgombea binafsi. Lazima upitie chama. Mchungaji Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani miaka mingi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ilimpa haki. Uchaguzi wa 2015 ukafika, sheria iko vilevile. Kwa hiyo chama kikishaamua, wewe mpiga kura huna mlango wa pili.

Hapo ndipo paliponiuma. Mtu kupumzika ni haki yake, hata sisi tunachoka. Lakini wodini huondoki bila kukabidhi zamu. Unamwambia mwenzako: kitanda namba 6 amepata dawa saa ngapi, presha ilisomaje, nini kinasubiriwa. Mamilioni ya wapiga kura hatukukabidhiwa. Tulisikia redioni kama watu wengine.

Basi nifanye nini, nikae nyumbani? Oktoba 25 nilikwenda. Karatasi zilikuwa tatu: rais, mbunge, diwani. Nilianza na ya diwani. Unajua kwa nini? Zahanati na kituo cha afya unachopanga foleni viko chini ya halmashauri, na kwenye baraza la halmashauri anayekaa kwa niaba ya kata yako ni diwani. Mtaro ukiziba, kipindupindu kikija, huyo ndiye wa kugongewa mlango. Ya urais niliipiga mwisho, na ni siri yangu.

Lowassa alipata zaidi ya kura milioni 6, Dk. Magufuli akashinda. Novemba 2017 Dk. Slaa akateuliwa kuwa balozi. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM. Wakubwa wana pa kwenda, ndugu yangu. Wewe na mimi tuko hapa hapa, na foleni ya zahanati ni ile ile.

Kwa hiyo mgombea wako akijitoa, lia, ni haki yako. Kadi usiitupe. Na mwaka wa kura ukifika, kabla hujashika fulana ya mtu, uliza diwani wako ni nani. Wangapi hapa mnamjua kwa jina?

Kesho, Mungu akipenda, tunarudi kwenye presha. Lala salama.