Mpiga Nanga wa Kayanga

Mwishoni mwa miaka ya 1990 niliitwa Kayanga kwenye semina ya wasanii na watu wa habari. Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Karagwe. Wilaya yake yenyewe ilikuja 2012. Sera ya Utamaduni ya 1997 ilikuwa mpya, nasi tukaambiwa tujadili namna vyombo vipya vitakavyobeba sanaa za jamii zetu mbalimbali. Dar es Salaam walikuwa na redio binafsi tangu 1994. Sisi tulisikiliza redio ya taifa, RTD, pamoja na mawimbi ya Uganda na Rwanda yaliyovuka Mto Kagera.

Asubuhi ilikwisha kwa hotuba. Mchana akaitwa mzee mpiga nanga, ala ya nyuzi ambayo mvumbuzi Mwingereza Speke aliikuta kwa Omukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe, mwaka 1861. Aliimba habari za mashujaa kwa Kinyambo, kila mara akisita kueleza ukoo fulani ulitoka wapi, au vita fulani vilipiganwa kwa nini. Kijana mwenye redio kaseti alijaza pande zote mbili za kanda, mzee hajamaliza.

Ndipo mwalimu mstaafu aliposema lugha za makabila zisiikaribie maikrofoni kabisa. Tulimwelewa. Wakimbizi wa Rwanda tuliowapokea 1994, waliokaa kambini hadi Desemba 1996, walitusimulia jinsi redio ya kwao, RTLM, ilivyotaja kwa lugha yao majina ya watu wa kuuawa wakati wa mauaji ya kimbari. Na maiti, sisi wa kando ya Kagera tulikuwa tumeziona zikielea.

Mama mmoja wa Kyerwa akasimama. "Waitu, mwalimu, walioua walikuwa na chuki moyoni. Mchochezi hata kwa Kiswahili atachochea. Huyu mzee akifa na maneno yake, tutakuwa tumelinda nini?"

Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba yeye angependa tungoje kwanza.

Nimeutafakari ubishi ule miaka mingi, na niko upande wa mama. Mahakama ya kimataifa ya Arusha, iliyosikiliza kesi za mauaji ya Rwanda, ilipowatia hatiani waanzilishi wawili wa RTLM, Desemba 2003, ilipima walichotangaza na walichokusudia. Mwimbaji Saida Karoli naye aliimba Kihaya mwaka 2001, nchi nzima ikacheza, na umoja wetu haukupata ufa.

Baadaye Karagwe ilipata redio yake ya jamii, FADECO, na wakulima wakasikika hewani. Hilo ni jambo kubwa. Lakini lugha za kutangazia nchini ni Kiswahili na Kiingereza. Wimbo wa Kinyambo utapigwa. Maelezo ya mzee katikati ya wimbo, ambayo ndiyo historia yenyewe, hayana kipindi.

Kijana wa Kayanga, wa Nkwenda, wa Murongo, simu unayo. Mtafute mpiga nanga aliye karibu nawe, mwache aimbe na aeleze mpaka achoke mwenyewe, kisha andika jina lake, kijiji chake na tarehe.